Je, wajua kwa nini kupitia Tabora kunachelewesha ndege ya Kigoma?

Shangazi yangu anauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Majuzi alipanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Dar kumwona mjukuu. Kwenda waliruka moja kwa moja. Kurudi walitua Tabora, safari ikarefuka kwa karibu saa nzima. Hilo halikumwingia akilini: "Kwani Tabora si iko njiani?"

Iko njiani kweli, tena kuliko anavyodhani. Ukinyoosha mstari angani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, unapata takriban kilomita 1,080. (Reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina kama 1,250 kwa kuzungukazunguka.) Dar hadi Tabora ni karibu kilomita 733, na Tabora hadi Kigoma 351. Jumlisha, zinakuwa 1,084. Kupinda kidogo kupitia Tabora kunaongeza kilomita zisizofika 10, na hizo ndege inazimaliza kwa dakika moja tu.

Kinachokula muda ni kushuka na kupanda. Dash 8 Q400, ile ndege ya mapangaboi tuliyoizoea huku kwetu, ikishatulia juu hukimbia kilomita 600 kwa saa na zaidi. Lakini mwendo huo ni wa huko juu. Kama kilomita 100 kabla ya kufika uwanjani, rubani anaanza kuteremka, na akishakuwa chini ya futi 10,000 kwa kawaida hatakiwi kuzidi kilomita 460 kwa saa. Hapo bado kujipanga na uwanja, kutua, kutembea hadi maegesho, abiria washuke, mizigo itolewe, wa Kigoma wapande, milango ifungwe. Kisha kupanda upya taratibu, na ndege ikikaribia kutulia, Kigoma nayo imekaribia na inabidi kuteremka tena. Shangazi anakumbuka masikio yake yaliziba mara mbili. Muda wake ulipotelea hapo.

Upepo nao una mkono wake. Angani huku kwetu mara nyingi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo humsukuma anayekuja Kigoma na kumkabili anayekwenda Dar. Ukiwa wa kilomita 30 tu kwa saa, kwenda na kurudi vinapishana kwa kama dakika 11.

Kuna jambo jingine lililomshangaza: Dar giza liliingia mapema. Saa ya Dar na ya Kigoma ni moja, ingawa jirani zetu wa Bujumbura wako nyuma kwa saa nzima. Lakini jua halifuati saa ya ukutani. Kigoma iko magharibi kwa karibu nyuzi 9.5 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Ndiyo hizo dakika 38 hivi. Mwezi wa Ramadhani redio ikiadhini magharibi ya Dar, tende za Ujiji bado ziko kwenye sahani, na jua linaonekana waziwazi juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa.