Markt: mji unaoitwa soko hata pasipo na soko

Mwenye Kijerumani cha kuombea maji anaweza kupotea hapa. Kwenye karatasi rasmi, mji mdogo wa Mittenwald, kusini kabisa mwa Bavaria, jimbo la Ujerumani, unaandikwa "Markt Mittenwald". Markt ni soko. Basi mtu atadhani anasoma jina la soko lililoko Mittenwald, mahali pa kununulia viazi na jibini. Sivyo. Ni mji wenyewe unaoitwa soko, pamoja na shule zake, makaburi yake na ng'ombe wake walioko malishoni, na utaitwa hivyo hata siku ambayo hakuna aliyetandika bidhaa barabarani.

Kwa Kiswahili tunaweza kusema mji-soko. Lakini tuelewane mapema: hii ni hadhi, haielezi kinachouzwa. Tanzania kuna mji mdogo, mji, manispaa na jiji, na kupanda ngazi hutangazwa na serikali, kama Dodoma ilivyotangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Bavaria nayo ina ngazi zake: Gemeinde, yaani halmashauri ya kawaida, juu yake Markt, kisha Stadt, yaani mji kamili. Kati ya halmashauri zake zipatazo 2,050, zaidi ya 380 zina hadhi ya Markt.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hadhi hii haifuati wingi wa watu. Jirani wa Mittenwald, Garmisch-Partenkirchen, una watu wapatao 27,000 na uliandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936, lakini hadi leo ni Markt. Rothenfels, kando ya mto Main, una watu wapatao 1,000 tu, nao ni Stadt. Tena kuna Marktoberdorf, mji wenye neno "Markt" ndani ya jina lake, ambao tangu 1953 si Markt tena bali ni Stadt. Ukitafuta mantiki ya leo katika mambo haya utaumwa kichwa bure. Mantiki yake iko nyuma, karne nyingi zilizopita.

Zama za kati mtu hakuamka tu asubuhi akaanzisha gulio. Kuruhusu soko ilikuwa haki ya mfalme, na mfalme aliitoa kama zawadi au malipo kwa askofu, abasia au mtemi aliyemtumikia. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 999, pale mfalme mkuu Otto III alipompa mtemi Berthold ruhusa ya soko mahali paitwapo Villingen, na pamoja nayo haki ya kutengeneza sarafu na kutoza ushuru. Hapo utaona soko lilikuwa nini hasa. Halikuwa uwanja wala vibanda. Lilikuwa fungu la haki: siku maalumu ya kuuziana, ushuru kwa mwenye soko, mizani inayokubalika, hakimu wa kuamua ugomvi wa wauzaji na wanunuzi, na juu ya yote amani ya soko. Anayemshambulia mchuuzi sokoni hakuwa amemkosea mchuuzi peke yake, alikuwa amevunja amani iliyotolewa na mfalme.

Baadaye mabwana wa maeneo, watawala wadogo na maaskofu, wakaanza kutoa haki hizo wenyewe. Palipopewa haki za mji kamili palijenga kuta za mawe na kuwa na mahakama yenye nguvu zaidi. Palipopewa haki ya soko tu, mara nyingi palibaki bila ukuta: barabara moja pana iliyonyooka, nyumba zimejipanga pande mbili, kanisa upande mmoja. Barabara hiyo ndiyo ilikuwa soko. Mittenwald ni hivyo hivyo hata leo, na sehemu zake za katikati huitwa Obermarkt na Untermarkt, Soko la Juu na Soko la Chini, ingawa ni mitaa.

Jina Mittenwald lenyewe ni "katikati ya msitu". Mji uko kwenye bonde la mto Isar, mita zipatazo 920 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Karwendel, ambayo kilele chake kilicho juu ya mji kina mita 2,385, na inauziba upande wa mashariki kama ukuta. Hapo hapana shamba la maana la ngano. Kulikuwa na malisho, miti na njia, na njia ndiyo iliyoulisha mji. Ilitoka Venice, ikapita Bozen, ikavuka milima kwa njia ya Brenner, ikashuka Innsbruck, ikapanda tena hadi hapa, kisha ikaelekea Augsburg. Pamba, viungo, hariri na mvinyo vilipanda kutoka kusini. Nguo na vyuma vilishuka kutoka kaskazini.

Mji usio na shamba ulikulaje kutokana na njia? Kwa utaratibu ulioitwa Rott. Shehena ilipofika Mittenwald haikupita moja kwa moja. Ilishushwa, ikahifadhiwa kwenye ghala la mji, ikalipiwa, kisha ikapakiwa kwenye mikokoteni ya wenyeji waliokuwa na haki ya kuibeba hadi kituo kinachofuata, Partenkirchen. Huko nako ikashushwa tena, na watu wengine wakaipokea. Aliyewahi kusafirisha mzigo kwa barabara na kukutana na vizuizi kila wilaya ataelewa jinsi wafanyabiashara walivyojisikia. Lakini kwa wenyeji kila robota lililoshushwa lilikuwa mkate. Mizigo mingine iliteremshwa Isar kwa mashua za magogo hadi Munich. Magogo yalifungwa pamoja, bidhaa zikawekwa juu, na mashua ilipofika ilifunguliwa na magogo yenyewe kuuzwa kama mbao, kwa hiyo chombo nacho kilikuwa bidhaa.

Bwana wa mji hakuwa mtawala wa Bavaria wala wa Tirol, nchi jirani upande wa kusini. Mittenwald ilikuwa ndani ya eneo la Werdenfels, mali ya maaskofu wa Freising, tangu mwishoni mwa karne ya 13 hadi utawala wa kanisa ulipovunjwa miaka ya 1802 na 1803. (Nembo ya maaskofu hao, kwa taarifa tu, ni kichwa cha mtu mweusi aliyevaa taji. Wanahistoria wana maelezo zaidi ya moja kuhusu asili yake, na bado iko kwenye nembo za maeneo kadhaa yaliyokuwa chini yao.) Kuwa chini ya askofu badala ya Tirol lilikuwa jambo dogo la mipaka, hadi mwaka 1487.

Mwaka huo mtawala wa Tirol, Sigmund, aliingia vitani na Venice, akawakamata wafanyabiashara wa Venice waliokuja kwenye soko kubwa la Bozen. Wenzao hawakusubiri kuona mwisho wake. Walihamisha soko lao lote nje ya mkono wa Sigmund, wakavuka mpaka wa Tirol na kulifungua upya Mittenwald. Kwa hiyo kijiji kikubwa cha wabeba mizigo kikajikuta mwenyeji wa Bozner Markt, soko la Bozen lisilokuwa Bozen, na likakaa huko miaka 192. Wenyeji walijenga nyumba kubwa za mawe, wakafungua nyumba za wageni, wakapokea wageni wa lugha mbalimbali. Sidhani walipata kutafakari sana kwamba neema yao imetokana na ugomvi wa watu wengine. Mwaka 1679 soko likarudi Bozen.

Hapa ndipo ninapoona maana halisi ya neno Markt. Soko liliondoka, haki ikabaki. Mittenwald iliendelea kuwa Markt kwa karatasi huku mapato yakikauka, kwa sababu mji ulikuwa na hadhi yake kabla ya Waitalia kuja na hakuna aliyeifuta walipoondoka.

Simulizi ya mji inasema aliyewaokoa ni mtu mmoja, Matthias Klotz, aliyezaliwa hapo 1653. Alikwenda Italia kijana, akarudi miaka ya 1680 akiwa fundi wa fidla, akawafundisha wengine. Zamani watu walipenda kusema alifundishwa na Amati, fundi mashuhuri wa fidla huko Cremona, jina kubwa, linapendeza kulitaja. Karatasi iliyosalia inasema jambo la kawaida zaidi: alifanya kazi kwa miaka sita, 1672 hadi 1678, kwa Pietro Railich, mtengenezaji wa zeze huko Padua. Mimi naiamini karatasi. Na mji haukuokolewa kwa siku moja. Ilichukua wanawe, wajukuu na familia nyingine miongo mingi kabla ufundi huo haujawa riziki ya wengi.

Malighafi ilikuwa mlimani. Uso wa mbele wa fidla huchongwa kwa mti wa jamii ya misonobari uitwao Fichte, na mgongo na mbavu kwa mti mgumu uitwao Ahorn. Fichte ya juu milimani hukua polepole kwa sababu ya baridi. Ukiukata utaona pete za kila mwaka zimebanana, nyembamba, zimenyooka kama mistari ya daftari, na ubao wake unakuwa mwepesi lakini imara, ukiugonga unalia. Hupasuliwa vipande, kisha huachwa miaka kadhaa ukauke. Fidla zenyewe ziliuzwa kwa miguu: wachuuzi walizibeba mgongoni hadi kwenye nyumba za watawa, masoko na miji ya mbali. Karne ya 19 biashara ikashikwa na nyumba chache kubwa, kama Neuner & Hornsteiner, zilizokusanya kazi za mafundi wa majumbani na kuuza nje ya nchi; fundi aliyechonga alipata senti, na fidla ikatoka na jina la nyumba ya biashara. Mwaka 1858 serikali ya mfalme Maximilian II ilifungua shule ya ufundi wa fidla, na bado inafundisha. Makumbusho ya fidla yalianza 1930.

Ukifika Mittenwald leo, utaona vyote hivi kwa dakika kumi za kutembea. Mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo kuna sanamu ya shaba ya Klotz akiwa kazini na fidla, iliyowekwa 1890. Kanisa lilijengwa upya 1738 hadi 1740 na Joseph Schmuzer, na mnara wake umepakwa michoro kuanzia chini hadi juu, kazi ya Matthäus Günther. Minara ya kanisa iliyochorwa namna hiyo ni adimu. Huu unafanana na pazia lililosimamishwa wima.

Nyumba nazo zimechorwa. Ufundi huo unaitwa Lüftlmalerei, na aliyeupa sifa zaidi ni Franz Seraph Zwinck wa Oberammergau, aliyeishi 1748 hadi 1792. Mchoraji alipaka rangi juu ya chokaa mbichi, akiwahi kabla haijakauka ili rangi izame ukutani. Simama karibu na ukuta mmojawapo: nguzo unazoziona hazipo, mapambo ya mawe yanayozunguka madirisha ni rangi tupu, na kivuli kilicho chini ya kila pambo kimechorwa. Bikira Maria na watakatifu wanapendeza, ila kwangu mimi ni hivyo vivuli vya uongo vinavyonisimamisha. Mwenye nyumba hakumudu mawe ya kuchonga kama ya jumba la mtawala, akalipia picha yake.

Mwaka 1912 ikafika reli ya kutoka Innsbruck, iliyotumia umeme tangu mwanzo, na 1967 gari la kamba la kwenda Karwendel, ambalo kituo chake cha juu kiko mita 2,244. Utalii ukachukua kiti kilichoachwa na mikokoteni.

Na hadhi? Sheria ya Bavaria inasema halmashauri zilizoitwa Markt tangu zamani ziendelee kuitwa hivyo, na nyingine zinaweza kupewa jina hilo na wizara ya mambo ya ndani kwa kuangalia idadi ya watu, sura ya makazi na hali ya uchumi. Kama kuna gulio au hakuna, haiulizwi. Leo Gemeinde yoyote inaweza kuwa na gulio la kila wiki bila kuitwa Markt, na Markt inaweza kukaa bila gulio.

Mittenwald hulirudisha soko lake la zamani kwa sherehe, kila baada ya miaka mitano. Wenyeji huvaa nguo za wafanyabiashara wa Venice na za wabeba mizigo wa Rott, mafundi hufanya kazi mbele ya watu, farasi huvuta mikokoteni kwenye Soko la Juu. Sherehe inaitwa Bozner Markt, kwa jina la mji mwingine, ng'ambo ya milima.