Nikishuka kwenye boti masikio yanavuma: maswali na majibu kuhusu sauti

Nikipanda boti pale Kibirizi, Kigoma, nafika kijijini masikio yanavuma mpaka jioni. Yameingia maji?

Maji hayana kosa hapo, ni injini. Sauti ni msukumo tu: injini ikitetemeka inasukuma hewa iliyo jirani, nayo inasukuma ya mbele yake, hadi ngoma ya sikio inatikisika. Ndani zaidi kuna kijumba kilichojiviringa kama konokono, kimejaa majimaji na seli zenye vinywele vidogo mno. Vikiyumba, ubongo unasikia. Kelele ikizidi, vinalala kama majani yaliyokanyagwa. Vikichoka tu, vitainuka. Seli zikifa, hazioti tena.

Kelele ikifika wapi ndiyo imezidi?

Kiwango kinachotumika sana ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 kwa siku. Ikipanda 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, kwa hiyo muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2. Huna kipimo? Kama mtu aliye umbali wa mkono hakusikii mpaka upaze sauti, pamezidi. Anayeshinda kwenye mashine ya kusaga anaelewa ninachosema.

Sasa niache kusafiri?

Hama kiti. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6. Kutoka mita 1 ya injini hadi mita 4 ni 12 nzima. Yaani dakika 15 ubavuni mwa injini zinaumiza karibu sawa na saa 4 ukiwa kule mbele. (Wenyeji hugombea kukaa nyuma, kwenye injini, kwa sababu huko mawimbi hayarushi sana, nawaelewa.)

Harusi iko mtaa wa pili Ujiji, mbona usiku spika kama ziko dirishani?

Usiku mtulivu ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya joto, hivyo inapinda kurudi chini, kwenu. Mchana hupinda kwenda juu.

Nikiziba masikio kwa pamba je?

Inapitisha hewa, na sauti pia. Tafuta vizibo vya sponji vya masikioni.

Niende hospitali lini?

Kuvuma kukipita siku mbili, nenda. Sikio moja likiziba ghafla bila sababu, nenda siku hiyohiyo.