Kwa nini bizari ya mwaka jana hainukii, lakini pilipili ya mwaka huohuo bado inawasha?

Nyumba nyingi zinazopika pilau, iwe Kampala, Jinja au Mbale, zina kabati la viungo lililojaa na chakula kisichonukia. Kuna pakiti tatu za pilau masala zilizofunguliwa, kila moja imekunjwa mdomo na kubanwa na kibanio cha nguo. Kuna kavera (mfuko wa plastiki) la bizari nyembamba la Idi, jingine la Krismasi, mkebe wa unga wa manjano ambao hakuna anayekumbuka uliingia lini, na unga wa pilipili uliogeuka rangi ya udongo. Mpishi anatia kijiko cha pili cha bizari, anatia cha tatu, sufuria haisemi kitu. Lakini akigusa ule unga wa pilipili, nusu kijiko tu, watoto wanaomba maji.

Viungo vyote viwili vimezeeka pamoja, tena rafu moja. Mbona kimoja kimekufa na kingine kina nguvu zake?

Kwa sababu harufu na ukali ni vitu viwili tofauti. Harufu ya bizari, iliki, karafuu au mdalasini inatokana na mafuta mepesi yanayoruka hewani kwa joto la kawaida la chumba. Ndiyo maana unayanusa: yanatoka kwenye kiungo na kuja puani. Na kila unaponusa, kuna kidogo kilichoondoka ambacho hakitarudi. Bizari nyembamba ina mafuta hayo kiasi cha asilimia 2 hadi 5 ya uzito wake, kwa hiyo akiba yenyewe si kubwa. Karafuu ni tajiri zaidi, asilimia 15 hadi 20, tena mafuta yake ni mazito kidogo na hayana haraka ya kuruka. Karafuu ya zamani bado inaweza kukufaa wakati bizari ya siku hiyohiyo imebaki makapi.

Ukali wa pilipili ni habari nyingine. Unaletwa na kapsaisini, kitu kizito kisichoruka hewani kikiwa kimetulia kabatini. (Kile kikohozi cha pilipili inayokaangwa ni kazi ya mafuta ya moto, yanayoirusha hewani.) Pilipili ikizeeka inapoteza wekundu na ile harufu yake tamu, lakini moto unabaki. Pilipili manga nayo ni vivyo hivyo: kinachochoma ulimi ni piperini, ambayo haiendi popote, ila harufu yake ya msituni hutoweka. Hivyo mtu anaonja, anasikia mwasho, anasema kiungo bado kizima. Ulimi umemdanganya, angeuliza pua.

Sasa chukua punje moja ya bizari nyembamba uitazame karibu na dirisha. Utaona michirizi iliyonyooka kutoka ncha moja hadi nyingine. Chini ya ganda, sambamba na michirizi hiyo, kuna mifereji myembamba sana iliyojaa mafuta ya harufu, imefungwa pande zote. Itafune: mwanzoni huoni kitu, halafu ghafla harufu inajaa hadi puani. Umevunja mifereji. Karafuu hata haihitaji kutafunwa. Bana kishina chake kwa ukucha, na kama ni nzima utaona unyevu wa mafuta ukijitokeza na ukucha utanukia hadi uoshe mikono. Kama ukucha umetoka mkavu, hiyo karafuu ni kijiti.

Mashine ya kusaga huvunja mifereji yote kwa mpigo mmoja. Unga wa bizari ni mbegu ambayo kila mlango wake umeachwa wazi, na hewa inapita. Kwa kawaida hutajwa miaka 3 hadi 4 kwa viungo vizima, na miaka 2 hadi 3 kwa vilivyosagwa, lakini hayo ni kwa chombo kilichofungwa barabara na kukaa mahali pa giza pasipo joto. Unga ulio kwenye kavera lililokunjwa mdomo, juu ya jiko, usiuhesabie miaka. Uhesabie miezi michache.

Na hilo kavera lenyewe lina siri. Ukiweza kunusa bizari kutoka nje ya kavera lililofungwa fundo, jua kwamba mafuta yanapenya kwenye ukuta wa plastiki. Plastiki laini huzuia maji na vumbi, lakini harufu inapita polepole, tena nyingine inanyonywa na plastiki yenyewe. Ndiyo sababu mkebe wa plastiki uliowahi kuwekwa karafuu hunuka karafuu hata baada ya kuoshwa mara ngapi sijui. Chupa ya kioo haina tabia hiyo. Chupa za jamu, za kahawa, za siagi ya karanga, zote zinafaa, mradi kifuniko kikaze na zikaushwe kabisa kabla ya kutiwa kitu.

Ila kioo kinapitisha mwanga, na mwanga ni adui ambaye watu hawamdhanii. Kila aliyewahi kuangusha mchuzi kwenye kanzu nyeupe siku ya harusi anajua doa la manjano lisivyotoka kwa sabuni. Sabuni hulifanya liwe jekundu, ukazidi kuchanganyikiwa. Halafu kanzu inaanikwa juani, na jioni doa limefifia au limekwisha. Jua limeivunja rangi ya manjano. Basi chupa nzuri za kioo zilizopangwa dirishani, kama zile za kwenye picha za intaneti, zinafanyiwa jambo hilohilo kila siku, polepole. Wekundu wa pilipili nao hufa kwa njia hiyo. Mimi nasema chupa za kioo ndani ya kabati lenye mlango, au ndani ya boksi, na mapambo yaende sebuleni.

Mahali pabaya kuliko pote ni pale tunapopapenda: rafu iliyo juu ya jiko. Ni karibu, mkono unafika. Lakini hapo joto linapanda mara mbili au tatu kwa siku na kuharakisha mafuta kuruka, na mvuke wa sufuria unapanda pamoja nalo. Kwa anayeishi chumba kimoja, sigiri na viungo vikiwa hatua mbili tu kutoka kitandani, hakuna kabati la kuchagua. Hata hivyo boksi lenye kifuniko upande wa pili wa chumba, chini, mbali na sigiri, linashinda rafu yoyote ya juu ya moto.

Mvuke una ubaya wake peke yake. Usinyunyizie masala kwenye sufuria inayochemka moja kwa moja kutoka kwenye chupa, maana mvuke unaingia ndani, halafu wewe unafunga kifuniko, na umeufungia humo. Chota kwa kijiko kikavu. Viungo vyenye sukari ya asili, kama unga wa kitunguu saumu, huvuta maji na kuganda kuwa jiwe. Chumvi nayo huanza kuvuta maji na kulowa pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75 hivi, na asubuhi nyingi za msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, Kampala na Entebbe huvuka hapo bila shida. Ukiona chumvi yako imelowa, ujue na masala iliyo jirani yake inakunywa maji.

Basi siku ya kupanga, usianze na kununua chupa. Toa kila kitu, kimwage kwenye sinia au magazeti, kavera kwa kavera, mezani au kwenye mkeka. Utashangaa una bizari ngapi. Kisha chukua kidogo cha kila kimoja, kisugue kwenye kiganja, unuse. Kikikujibu mara moja, kibaki. Kikijibu kwa kunong'ona na ni kizima, kitumie mwezi huu kwa kuongeza kipimo, na ukikaange kwanza kwenye mafuta ili kilichobaki kitoke chote. Kukaanga hakurudishi kilichoruka, msidanganyane, kunatoa kilichomo tu. Unga usiojibu kabisa, tupa bustanini. Haudhuru mtu, lakini haumfai mtu.

Vinavyodhuru ni vingine. Chunguza unga wa pilipili, giligilani na tangawizi kavu uone kama kuna vijidudu vya kahawia vya milimita 2 au 3, au matundu madogo kwenye pakiti. Hao ndio walewale wanaokula tumbaku kavu, na pakiti ya karatasi au plastiki wanaitoboa. Pakiti yenye wadudu itoke nyumbani, na zilizokuwa jirani yake, kama una friza, zikae humo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja, mayai yao yafe pia. Ukizitoa, usizifungue mpaka zifikie joto la chumba, la sivyo umande utaingia ndani.

Chochote chenye kuvu, hata kidogo pembeni, tupa chote. Pilipili, tangawizi na kungumanga zikikaa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Wala usiwape kuku. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa chakula chenye karanga zilizoota kuvu.

Kupanga kunakofuata ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na hapa sikubaliani na wanaopanga kwa alfabeti. Hakuna apikaye kwa alfabeti. Panga kwa sufuria: bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zikae pamoja, hilo ni boksi la pilau. Tangawizi, iliki nyingine na mdalasini mwingine, boksi la chai. Manjano, giligilani, uwatu na pilipili, boksi la mchuzi na maharage. Ndiyo, iliki itakuwa sehemu mbili, na hakuna ubaya. Bandika kipande cha selotepu chini ya kila chupa, uandike mwezi na mwaka ulionunua.

Familia za Kihindi zilitatua jambo hili zamani kwa mkebe mmoja wa duara wenye vikopo saba vidogo ndani. Mwaka 1972 Idi Amin, rais wa Uganda, aliwafukuza Waasia nchini, wengi wao wakiwa wa familia hizo. Lakini chapati na masala zao zikabaki kwenye meko za Waganda. Uzuri wa mkebe ule ni udogo wake. Vikopo vyake havina vifuniko, harufu zingechanganyikana na kufifia kama vingekaa muda mrefu, lakini vinabeba matumizi ya wiki chache tu, vinaisha kabla havijazeeka. Akiba kubwa inakaa kwingine, ikiwa nzima na imefungwa. Kwa hiyo ukienda soko la Nakasero, Kampala, na muuzaji akakupimia bizari kwa kijiko, nunua ya vijiko, hata kama kilo ni nafuu. Kilo ni ya mwenye hoteli.

Swali moja huulizwa na wenye ndugu Mukono, Kasese au Bundibugyo, wanaoletewa vanila kutoka shambani: mbona ganda limeota vitu vyeupe? Litazame juani. Kama ni sindano nyembamba zinazometameta na ganda linanukia, hiyo ni vanilini yenyewe iliyojitokeza juu na kuganda, ni dalili ya ganda zuri. Kama ni manyoya meupe au ya kijivu yasiyometa, na linanuka uvundo, hiyo ni kuvu, litupe. Ganda zuri lifunge kwenye chupa ya kioo gizani, na usilitie friji: baridi hulikausha likawa gumu, na unyevu wa humo huikaribisha kuvu.