Nesi na makaratasi: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi humwona nesi ameinama mezani, anaandika. Jirani yake hunong'ona: "Hawa wanaandika tu, hawahudumii." Nimekaa miaka upande wa pili wa meza hiyo, kwenye chumba cha madai ya bima, na maneno hayo bado yananiuma. Anayeyasema ana haki ya kuchoka. Ila sababu anayoidhania siyo. Na swali linalofuata ni hili: je, kazi hiyo ya kuandika tuikabidhi kampuni ya nje yenye makarani wake? Kabla ya kulijibu, tuyapime tunayoyaamini, moja baada ya jingine.

"Wataalamu waliosoma hawatoshi"

Tumewasomesha wengi kuliko tunaowaajiri. Machi 2017, baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, Tanzania ilikubali kupeleka huko madaktari 500. Kesi ikafunguliwa Kenya, mpango ukakwama, na Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 walioomba nafasi hizo waajiriwe hapa nyumbani. Hebu fikiria: watu 258 wenye vyeti mkononi walikuwa tayari kuvuka mpaka, huku zahanati zetu zikihangaika na mhudumu mmoja au wawili. Kenya nako, mgomo wa siku 56 mwaka 2024 ulihusu kwa sehemu kubwa wahitimu waliokuwa wakingoja kupangiwa mafunzo ya vitendo yenye malipo.

Kinachokosekana ni kibali cha ajira na fungu la mshahara. Nalisema hili mapema kwa sababu kampuni ya makarani, hata iwe hodari vipi, haizibi pengo la nesi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kituo kinatakiwa kuwa nayo. Inaweza kumrudishia saa zake yule aliyepo, basi.

"Kuandika ni kazi ndogo"

Mfuate mama mjamzito mmoja. Kadi yake ya kliniki inajazwa, kisha rejista ya wajawazito ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), kisha kitabu cha maabara, kisha leja ya dawa. Mwisho wa mwezi yote yanahesabiwa upya kwa ajili ya taarifa ya wilaya. Akiwa na bima, kadi inahakikiwa na fomu ya madai inajazwa: namba ya ugonjwa, vipimo, dawa, saini ya daktari, saini ya mgonjwa. Ikikosekana saini moja, dai linakatwa. Dawa mgonjwa ameshazimeza, na fedha iliyokatwa ndiyo ingenunua za mwezi ujao. Ndiyo maana nesi anaandika kwa woga, na foleni inangoja.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa kila saa moja ambayo daktari wa kliniki za nje anakaa na wagonjwa, karibu saa mbili zinaishia kwenye kompyuta na kazi za mezani.

"Kompyuta imeshamaliza hilo"

Bado. Mahali pengi mfumo umekuja na rejista imebaki, kwa hiyo jambo moja linaandikwa mara mbili. Umeme ukikatika, linaandikwa kwenye karatasi na kuingizwa jioni.

"Basi tuwape kampuni, ni nafuu"

Hapa naomba twende taratibu. Usajili, kupanga mafaili, kukusanya madai, kufuatilia makato, kuwapigia wagonjwa simu za miadi: hizo mtu asiye mtaalamu wa tiba anaweza kuzibeba akifundishwa vizuri. Kuandika ugonjwa ambao daktari hakuutaja, hapana.

Uingereza ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2015 NHS England, taasisi inayosimamia huduma ya afya ya umma huko, iliikabidhi kampuni ya Capita kazi za ofisini za madaktari wa familia, kwa mkataba wa miaka saba: kuhamisha mafaili ya wagonjwa, kusambaza vifaa, kutuma barua za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Lengo kuu lilikuwa kupunguza gharama. Mwaka 2018 ofisi ya taifa ya ukaguzi ilieleza kwamba kasoro zilizotokea zingeweza kuwadhuru wagonjwa, na kwamba wanawake 87 waliarifiwa kimakosa kuwa hawamo tena kwenye mpango wa uchunguzi huo. Ilikuwa barua tu, kazi ya karani.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Ukiilipa kampuni asilimia ya madai, unaipa sababu ya kuyakuza madai. Mimi ningeanza na karani wa mkataba aliyeketi mlangoni kwa daktari. Kwetu huyo ndiye aliyepunguza makato, maana saini iliyosahaulika aliiona mgonjwa akiwa bado hajaondoka.

"Tukisaini mkataba, siri za wagonjwa ni juu yao"

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji. Kampuni inachakata kwa niaba yako. Hospitali inabaki kuwa mkusanyaji, na majibu ya kipimo cha VVU yakivuja mtaani, mgonjwa atakuja kukuuliza wewe.

Kabla ya kutangaza zabuni, mganga mfawidhi ahesabu kwa wiki moja kila nesi anaandika saa ngapi, kwenye fomu ipi, na nani anaisoma. Sisi tulipofanya hivyo tulikuta daftari moja la wodini ambalo lilinakiliwa kila usiku kutoka kwenye rejista, na hakuna ofisi iliyowahi kuliomba. Tulilifunga siku hiyohiyo.