Sukari inayeyuka, jiwe la matumbawe haliyeyuki

Kuna kanuni inayozunguka kwenye madaftari ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Unguja na Pemba: kampaundi za ioni, yaani za chembe zenye chaji, zinayeyuka majini, za kovalenti, yaani za atomi zinazochangia elektroni, haziyeyuki. Ni fupi, inakaririka upesi, na ndiyo inayowaangusha watu mtihanini. Sukari ni ya kovalenti, na kila anywaye chai anajua inakokwenda. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jiwe la matumbawe lililojengewa Mji Mkongwe, ni ya ioni, na nyumba zile zimepigwa na masika miaka nenda miaka rudi na bado zimesimama. Zilizoanguka zina kesi yao na matengenezo.

Umumunyifu ni kiasi cha kitu kinachoweza kuyeyuka katika kiasi fulani cha maji, kwa joto fulani, mpaka maji yakatae kupokea zaidi. Mitihani hupenda gramu 100 za maji. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, maji hayo hupokea takriban gramu 36 za chumvi ya mezani na takriban gramu 200 za sukari. Kalsiamu kaboneti haifiki hata sehemu ya mia ya gramu. Kabla ya kutaja aina ya bondi, jiulize: ili kitu hiki kiyeyuke, ni nini kiachane na nini, na maji yanalipa nini kuwaachanisha?

Chukua chumvi. Sodiamu imeipa klorini elektroni moja, zikabaki ioni mbili zenye chaji zinazovutana, na punje nzima ni safu kwa safu za ioni hizo. Hakuna molekuli ya chumvi humo ndani. Molekuli ya maji nayo imepinda, upande wa oksijeni una uhasi kidogo na pande za haidrojeni zina uchanya kidogo. Maji huigeuzia sodiamu upande wa oksijeni, kloridi huigeuzia haidrojeni, yakaizingira kila ioni mpaka ikatoka kwenye safu. Kuzitenganisha kabisa ioni za moli moja ya chumvi (gramu 58.5 hivi) kunadai takriban kilojuli 787, na maji yakishazizingira hurudisha karibu kilojuli 783. Pengo la kilojuli 4 hivi huchukuliwa kwenye joto la maji yenyewe, ndiyo maana yanapoa kidogo. Walio kidato cha sita waongeze hapa entropi: ioni zilizotawanyika zina njia nyingi za kujipanga kuliko zilizofungwa kwenye punje.

Katika mashamba ya chumvi ya Pemba mambo haya yanakwenda kinyumenyume. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi za kila aina. Jua linapoyakausha, cha kwanza kuganda ni kile chenye umumunyifu mdogo, yaani kalsiamu kaboneti, ikifuatiwa na jasi, ambayo ni kalsiamu salfeti. Chumvi tunayoijua huja baadaye, maji yakishapungua sana. Chumvi za magnesiamu hubaki kwenye maji ya mwisho; yakiachwa yakaukie humo humo, chumvi hutoka chungu na hunyonya unyevu.

Kwa nini kaboneti iwe ngumu hivyo? Chaji za ioni zake ni mbili kwa mbili: kalsiamu +2, kaboneti −2. Kwa umbali ule ule, mvuto wake ni mara 4 ya ule wa chaji moja kwa moja. Maji nayo huzivuta ioni hizo kwa nguvu zaidi, lakini hayafikii bei. Usikimbilie kuifanya hii kanuni, maana magnesiamu salfeti nayo ni mbili kwa mbili na inayeyuka vizuri. Kwa hiyo jedwali la umumunyifu likariri tu: naitreti zote zinayeyuka, na chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu, kloridi zinayeyuka isipokuwa za fedha na risasi, salfeti isipokuwa za bariamu na risasi, na ya kalsiamu kwa uchache, kaboneti nyingi haziyeyuki.

Kwenye sukari ndiko alama zinakopotea. Wengi huandika kwamba bondi za kovalenti zinavunjika. Hazivunjiki. Molekuli ya sukari, C12H22O11, inaingia majini nzima na inabaki nzima. Kinachoachana ni molekuli na molekuli, zilizokuwa zimeshikana kwa bondi za haidrojeni, yaani mvuto kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya nyingine, na kila moja ina vikundi 8 vya OH (oksijeni na haidrojeni) ambavyo maji huvishika kwa bondi za namna ile ile. Ushahidi uko kwenye betri na globu: maji ya chumvi huiwasha, ya sukari hayaiwashi, kwa sababu hayana ioni.

Sasa mafuta ya karafuu. Kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, Wawi, Chake Chake, Pemba, mvuke hubeba mafuta kutoka kwenye makonyo, na ukipozwa, mafuta na maji hujitenga. Mafuta ya nazi huelea, haya huzama, kwa kuwa ni mazito kidogo kuliko maji. Kuelea ni habari ya densiti, yaani uzito kwa ujazo, haihusiani na umumunyifu. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ina kaboni 10 na OH moja tu. Ile OH moja huyeyusha gramu 2 na kidogo kwa lita, inatosha kuyaachia maji harufu. Kaboni zilizobaki hazina cha kuyapa maji, na molekuli za maji hazikubali kuachana bure ili kuzipisha.

Ukiulizwa kwa nini ethanoli huchanganyika na maji kwa kiwango chochote na heksani, kimiminika cha kaboni na haidrojeni tupu, haichanganyiki, taja OH, taja bondi ya haidrojeni na maji, halafu taja ufupi wa mnyororo wa kaboni wa ethanoli. Kisha sema heksani haina kundi la kuunda bondi hiyo. Kuandika “polari huyeyusha polari”, yaani molekuli zenye upande hasi na upande chanya huyeyushana, na kuweka kalamu chini hakutoshi, kwa sababu mtahini ameuliza kwa nini.