Kabla hujanunua nobu mpya ya jiko, kagua klipu ya ndani

Wateja huniletea nobu ya jiko la gesi, ile ya kuzungusha kuwasha na kuzima, wakisema imeisha, niwatafutie nyingine. Ukiigeuza, mara nyingi plastiki ni nzima. Kinachokosekana ni klipu, kile kibati cha springi kinachokaa ndani ya tundu: ama kimekatika, ama kilidondoka jiko lilipokuwa likioshwa kikaenda na maji machafu.

Shafti ya vali ya gesi, yaani kile kijiti kinachoingia ndani ya nobu, hukatwa upande mmoja ikawa bapa, na tundu la nobu lina umbo hilohilo. Bapa ndilo linalozungusha. Klipu yenyewe hubana tu, nobu isicheze wala isichomoke ovyo, lakini ikubali kutoka ukiivuta. Klipu ikikosekana, plastiki inasuguana na chuma kila siku, kingo za tundu zinalika, mwisho nobu inazunguka bure. Kwenye gesi hilo si la kuchekea: alama inaonyesha jiko limezimwa, kumbe vali iko wazi.

Ukienda kutafuta klipu au nobu, nenda na vipimo viwili: kipenyo cha shafti, na unene wake kuanzia bapa hadi mgongoni. Wengi hupima kipenyo peke yake. Hata nobu za redio ni hivyo: volyumu nyingi zina shafti ya mm 6, na penye bapa hubaki mm 4.5. Lakini zipo za robo inchi, yaani mm 6.35, ambazo kwa macho huzitofautishi. Nobu ya mm 6 ukiilazimisha humo itapasuka. Ukigeuza mambo, nobu ya robo inchi kwenye shafti ya mm 6, italegea, na hakuna klipu itakayoiokoa. Shafti za meno nazo, hesabu meno yake: zipo za meno 18 na za 24, haziingiliani.

Klipu ijaribu dukani kwa kuikunja kidogo na kucha. Irudi palepale. Ikibaki ilivyopinda, hilo ni bati la kawaida, si springi, liache. Usiipashe moto ili uinyooshe, maana chuma cha springi kikiungua hupoteza ukakamavu wake. Walio mwambao watafute isiyoshika kutu, hata kwa bei ya juu. Chumvi ya hewani haina huruma na vibati vyembamba.

Badala ya klipu, nobu nyingine hubanwa kwa skrubu ya pembeni; hiyo mimi naipenda kwenye amplifaya, shafti ikiwa ya chuma. Ya M3 (unene wa mm 3) hukazwa kwa alenki, ufunguo wa pembe sita, ya mm 1.5, na lazima ielekee kwenye bapa. Shafti ya plastiki usiifanyie hivyo, itapasuka. Na ukikutana na redio kongwe ya vali za kioo (taa za zamani za redio, si vali ya gesi) ambayo tundu la skrubu limezibwa kwa nta, usidhani ni uchafu. Baadhi ya redio hizo chesisi yake, yaani fremu ya chuma, iliungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, skrubu ikawa njia ya shoti hadi kidoleni. Ukishakaza, rudisha nta.

Supaglu usiiguse kabisa. Kwenye jiko, ikichuruzika hadi shingoni mwa vali ya gesi, vali nzima inaganda.