Rangi mbili haiui mafua: maswali na majibu kuhusu seli, bakteria na antibiotiki

Swali: Seli ni nini?

Ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe iliyo hai yenyewe: inakula, inatoa taka na inatengeneza protini zake. Mwili wako una matrilioni ya seli. Bakteria ni seli moja tu, basi, na seli hiyo moja ndiyo kiumbe kizima. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8 (mikromita 1,000 ni milimita moja), kwa hiyo utahitaji zaidi ya 120, ubavu kwa ubavu, kujaza milimita moja. E. koli, bakteria wa kawaida wa utumbo, ana urefu wa mikromita 2 hivi.

Swali: Seli ya mnyama, ya mmea na ya bakteria zinatofautianaje?

Zote zina utando unaochuja kinachoingia na kutoka, zina vinasaba, na zina ribosomu ambazo kazi yake ni kuunda protini.

Seli ya mnyama ina kiini kinachohifadhi vinasaba na mitokondria zinazotoa nguvu, ila haina ukuta. Kwa kukosa ukuta inaweza kujiumba kulingana na kazi. Chembe nyekundu ya damu ilishatoa kiini chake ili ibebe himoglobini nyingi, protini inayobeba oksijeni, na hujikunja ipite kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Chembe nyeupe hujinyoosha ikammeza bakteria. Seli ya neva inaweza kuwa na uzi wa urefu wa karibu mita moja, kutoka mgongoni hadi mguuni.

Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi, vakuoli kubwa ya maji inayoufanya mchicha usimame, na kloroplasti za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Bakteria hana kiini wala mitokondria. DNA yake, yaani vinasaba vyake, ni duara linaloelea ndani ya seli, na mara nyingi ana viduara vidogo vya ziada viitwavyo plasmidi. Ribosomu zake zina umbo tofauti na zako. Ukuta wake ni wa peptidoglikani, kitu ambacho hakimo popote katika seli zako. Ukisahau mengine yote, hili la ukuta lishike, maana majibu mengi hapa chini yanategemea hilo.

Swali: Antibiotiki inamuuaje bakteria bila kuniua mimi?

Antibiotiki ni dawa ya kupambana na bakteria. Inapiga sehemu aliyonayo yeye na ambayo wewe huna. Ndani ya bakteria kuna msukumo mkubwa wa maji. Utando wake ni kama mpira wa ndani wa baiskeli, na ukuta wa peptidoglikani ndio tairi. Amoksilini, ampisilini na penisilini huzuia tairi hilo lisifungwe vizuri bakteria anapokua, naye hupasuka. Seli yako haina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo dawa inapita bila kuigusa.

Doksisaiklini na azithromaisini hukwamisha ribosomu za bakteria. Siprofloksasini huzuia vimeng'enya (protini zinazofanya kazi za kikemia) vinavyokunjua DNA yake. Septrini inamnyima foleti, aina ya vitamini: bakteria hujitengenezea mwenyewe, wewe unaipata kwenye mboga na maharage.

Swali: Mmea nao una ukuta. Mbona amoksilini haiui mchicha?

Kwa sababu ukuta wake ni wa selulosi, si wa peptidoglikani. Fangasi nao wana ukuta wa aina nyingine, ndiyo maana antibiotiki haiwatibu. Tena inawapa nafasi: dawa ikishaua bakteria wema wa ukeni au mdomoni, fangasi hutanda. Wanawake wengi wanaokuja kituoni na muwasho baada ya "dozi ya kusafisha" wamejiletea wenyewe kwa njia hii.

Swali: Nina mafua, koo linawasha, mwili unauma. Ninunue rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki?

Hapana. Mafua yanaletwa na virusi, na kirusi si seli. Hana ukuta, hana ribosomu, hana utando wa kuendesha maisha yake. Ni vinasaba ndani ya ganda la protini, vinavyoingia kwenye seli yako na kutumia ribosomu zako kujizalisha. Amoksilini inatafuta ukuta wa kuvunja. Kwenye kirusi hakuna ukuta. Hata ungekunywa dozi mara tatu, hakuna.

Na "rangi mbili" si jina la dawa. Ni rangi ya ganda. Ndani inaweza kuwa amoksilini, tetrasaiklini au mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, na hizi si dawa moja. Tetrasaiklini huharibu rangi ya meno ya mtoto aliye chini ya miaka 8, na mjamzito hapaswi kuinywa. Anayemwomba muuzaji "nipe rangi mbili nne" hajui anachokwenda kumeza.

Kwa mafua: pumzika, kunywa vitu vya moto, tumia parasetamoli kwa kipimo chake kama una homa au maumivu.

Swali: Lakini mara iliyopita nilikunywa nikapona.

Ulipona kwa sababu mafua huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Watu hununua kapsuli siku ya tatu au ya nne, wakati mwili umeshaanza kushinda, halafu sifa zote zinakwenda kwa kapsuli.

Swali: Makamasi yamekuwa ya kijani. Sasa si ni bakteria?

Bado hapana. Ukijani huo unatoka kwenye kimeng'enya cha chembe zako nyeupe za damu. Unaonyesha kwamba askari wa mwili wapo kazini, haukuambii wanapigana na nani.

Koo ni habari nyingine pale linapouma sana pamoja na homa, usaha kwenye tezi za kooni, na bila kikohozi wala mafua, hasa kwa mtoto wa umri wa shule. Huyo apelekwe akapimwe. Bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo.

Swali: Mtoto anakohoa na anapumua haraka. Nimempa rangi mbili ya jana. Nisubiri kesho?

Hapana. Usisubiri kesho. Mtoto anayepumua haraka anaweza kuwa na nimonia, na nimonia inaua watoto haraka.

Mpakate akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Nusu dakika ukazidisha kwa mbili hukosea. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Wa miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Ikifika hapo, kituo cha afya leo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, ni sasa hivi, hata kama ni usiku.

Nimonia ya bakteria inatibika kwa amoksilini, kweli, lakini kwa kipimo cha uzito wa mtoto na baada ya mtu kumsikiliza kifua. Nusu ya kapsuli iliyokorogwa kwenye uji si kipimo. Tunachokiona mara kwa mara ni mtoto aliyepewa "kidogo kidogo" nyumbani kwa siku tatu, akaletwa midomo ikiwa ya bluu. Siku tatu hizo ndizo zilizokuwa za kumwokoa. Tafadhali, mama, baba, bibi: usianzie duka la dawa kwa mtoto anayepumua haraka.

Akiandikiwa dawa ya maji iliyo kwenye unga, tikisa chupa unga uachane, weka maji yaliyochemshwa yakapoa, yafike karibu nusu, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama na utikise tena. Maji yakizidi, dozi imekuwa hafifu. Pima kwa sirinji au kijiko cha mililita 5 kilichomo kwenye boksi. Vijiko vya chai havilingani.

Swali: Nimepata nafuu siku ya pili. Niache?

Maliza kama ulivyoandikiwa. Wakati mwingine ni siku 5, wakati mwingine 7. Aliyekupima ndiye anayejua. E. koli akiwa na mazingira mazuri hugawanyika kila dakika 20, na mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni 2 ndani ya saa 7. Dozi pungufu huua walio dhaifu na kuwaacha wenye kinga. Wengine wana kimeng'enya kinachovunja penisilini, na maelekezo ya kukitengeneza mara nyingi yako kwenye zile plasmidi, ambazo bakteria hupeana, hata na jamii nyingine. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Kwa mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Swali: Nina "UTI sugu" (maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha), nimeshatumia sindano na vidonge vya kila aina.

Acha kubadilisha dawa, kaoteshe mkojo, yaani maabara wawakuze bakteria waliomo. Safisha sehemu za siri, acha mkojo wa kwanza utoke, kinga wa katikati kwenye kichupa safi cha maabara, ufike ndani ya saa 2. Fanya hivyo kabla ya kumeza antibiotiki nyingine. Majibu huchukua siku 2 hadi 3 na yatasema bakteria gani, na dawa gani inamuua. E. koli ana utando wa pili nje ya ukuta wake unaozuia dawa kadhaa zisiingie, kwa hiyo kubahatisha ni kupoteza pesa. Mara nyingi pia si UTI kabisa: ni fangasi, au ugonjwa wa zinaa ambao mwenzi wako naye anapaswa kutibiwa.

Swali: Kumwagia unga wa kapsuli kwenye kidonda kunasaidia?

Hapana, na tunaomba iachwe. Unga huo haukutengenezwa kwa kidonda. Unagandana na damu, unaficha usaha, unaweza kuleta mzio. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Kidonda kirefu, cha msumari au chenye udongo kipelekwe kituoni ukaulizie chanjo ya pepopunda.

Swali: Mtoto anaharisha, nimpe metronidazoli?

Kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kama yuko chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya. ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Damu kwenye choo, macho kudidimia, au choo kama maji ya mchele: nendeni kituoni, mkimnywesha njiani.

Swali: Nakohoa wiki ya tatu, nimemaliza azithromaisini na sipro. Niongeze ipi?

Usiongeze yoyote. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinapimwa kifua kikuu, kwa makohozi. Bakteria wa TB ana ukuta wenye mafuta mazito kama nta na hugawanyika polepole sana, ndiyo maana tiba yake ya kawaida ni miezi 6 ya dawa kadhaa kwa pamoja. Sipro humpunguza kidogo, unapata nafuu ya uongo, kipimo kinaweza kukosa kumwona, nawe unaendelea kuwaambukiza wa nyumbani. Ukifika, taja kila dawa uliyomeza, hata ile uliyopewa na jirani.